Binti yangu Januari anaingia la nne. Nimtoe ingilishi midiamu nimpeleke Kayumba, yaani shule ya serikali? Naogopa usalama wake kuliko masomo

mama_wawili_Tabata

Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo ya waliopitia, si ya kukisia. Nina watoto wawili. Mkubwa ni binti, miaka tisa, anamaliza la tatu shule binafsi. Mdogo wa kiume yuko chekechea. Ada ya binti ni milioni moja na laki nane kwa mwaka, basi la shule laki sita, na tumeshatangaziwa mwakani inapanda. Mkataba wa mume wangu uliisha Agosti. Mimi ni fundi cherehani, nina mashine mbili na msaidizi mmoja.

Lakini ada siyo iliyonileta hapa. Ingekuwa ada tu ningekopa kwenye kikoba kama mwaka jana. Kilichonileta ni jambo la Septemba.

Binti alianza kurudi na njaa. Namfungashia chapati mbili na yai, kopo linarudi tupu, lakini akifika tu anakimbilia sufuria. Nikajua anakua. Siku moja namwogesha nikaona alama juu ya kiwiko, nne upande mmoja, moja upande wa pili. Vidole vya mtu. Nikamuuliza, akasema kaanguka. Sikumkazania. Usiku nikazima taa nikajilaza kitandani kwake, nikawa nampigia hadithi za bibi yake wa Muheza, wala sikugusia mkono. Muda ukapita, nikadhani kalala, akasema mwenyewe: "Mama, dereva akiombwa siti ya mbele anakubali?"

Ndipo yakatoka. Siti ya nyuma kuna wavulana watatu wa la sita. Asubuhi wanachukua chakula chake, kabla basi halijafika Barakuda kimekwisha. Asipotoa wanamfinya. Imeanza muhula wa kwanza! Matroni wa basi anakaa mbele na dereva, simu mkononi, hageuki.

Kesho yake nikaenda shuleni. Walinipokea vizuri, nikapewa chai, ofisi ina kiyoyozi. Mwalimu mkuu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hili tulimalize humu humu, tusilifikishe kwenye grupu la wazazi." Baada ya wiki mbili nikasikia mvulana mmoja kahamishwa. Wawili bado wapo. Sikupewa karatasi yoyote, sikuambiwa walipewa adhabu gani wala wazazi wao waliitwa au la. Binti sasa anakaa mbele, ila kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Nimempeleka zahanati mara mbili, hawakuona kitu.

Upande wa pili, shule ya serikali ipo dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kwangu. Wiki iliyopita nilikwenda kuiangalia wakati wa mapumziko ya saa nne. Mkondo mmoja wa la tatu una watoto 140. Vyoo vya wasichana nilihesabu matundu sita, mawili yamefungwa kwa waya, na katika manne yaliyobaki mlango mmoja hauna komeo. Geti liko wazi, wauza ubuyu wameingia mpaka uwanjani, bodaboda anakatisha katikati ya watoto. Mwalimu mmoja kapita na fimbo kwapani, na kila alipopita watoto walinyamaza. Nilisisimka, kwa sababu binti yangu hajawahi kuchapwa shuleni.

Ila nikaona jambo ambalo mpaka leo nalifikiria. Mvulana mmoja alimpiga mwenzake ngumi ya mgongo. Kabla mwalimu hajatoka, wasichana wawili wakubwa walishawaachanisha, na mama muuza mihogo aliyekaa nje ya uzio akapaza sauti akamwita yule mpigaji kwa jina la mama yake: mwanangu, leo jioni napita kwenu. Mtoto akaishiwa nguvu pale pale.

Dada yangu anasema niachane na zote mbili, nimpeleke bweni Kibaha, huko wanalelewa saa ishirini na nne. Mume wangu anasema Kayumba tumesoma wote na hatukufa. Mimi sijui. Walimu, wazazi, hata madereva, nisaidieni: mtoto wa kike wa miaka tisa yuko salama zaidi wapi?

mwalimu_wa_zamu

Mama wawili, pole sana. Mpe pole na binti, mwambie alifanya vizuri kusema.

Mimi ni mwalimu wa kike. Nimefundisha shule ya serikali Temeke miaka kumi na moja, nikaenda shule binafsi miaka sita, sasa nimerudi serikalini. Ninayosema nimeyaona kwa macho.

Watoto ni wale wale. Mwizi wa chapati yuko kote. Tofauti ni nini kinafuata baada ya mtoto kusema. Shule binafsi inaishi kwa jina lake. Likitokea jambo, kwanza linaulizwa nani kalijua, halafu ndiyo nini kimetokea. Mwaka wa tatu kule nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Niliandika kwenye daftari la matukio kwamba mvulana fulani amewaumiza wenzake mara tatu ndani ya mwezi. Mwenye shule akaniita, akaniomba ule ukurasa niuchane. Sikuuchana, lakini daftari sikuliona tena. Mvulana akapewa uhamisho, na fomu yake ya tabia ikaandikwa "nzuri". Fikiria mwalimu aliyempokea. Fikiria watoto aliokwenda kukaa nao dawati moja, hakuna aliyewaambia kitu. Huyo wa kwenu aliyehamishwa naye sasa hivi yupo kwenye basi jingine.

Serikalini hatuna pa kumpeleka mtoto mkorofi. Ni wetu, anakaa kwenye kata hii, kesho tutakutana naye sokoni. Ndiyo maana tunalazimika kuhangaika naye: kuita mzazi, kumpa kazi ya kusimamia bomba la maji, kumweka karibu na meza. Wengine wanatengenea. Wengine hapana, na ukiwa na watoto 140 kuna siku nzima inapita hujamwona mtoto mmoja mmoja usoni. Hilo ni kweli na linaniuma. Mtoto mpole anapotea kwenye umati. Binti yako kama ni wa kunyamaza, hilo ndilo la kuogopa kwetu, kuliko ngumi.

Kuhusu fimbo nakuambia kilivyo. Kanuni ya viboko ya mwaka 1979 ilirekebishwa 2002. Visizidi vinne, kwa kosa kubwa, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sasa yule mwenye fimbo kwapani tangu asubuhi mpaka mchana, waulize kitabu kiko wapi. Bukoba, Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kipigo cha mwalimu. Alituhumiwa kwa mkoba wa mwalimu. Tangu siku hiyo mimi fimbo sijashika, na darasa langu halijaharibika. Ukimhamishia binti huku, siku ya kwanza nenda kwa mwalimu wa darasa, msalimie, mwambie kwa adabu kwamba mtoto huyu akikosea niite mimi. Mzazi anayejulikana kwa sura, mtoto wake hachapwi ovyo. Haipendezi kusema lakini ndivyo ilivyo.

Bweni achana nalo kwa sasa. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2023 ulisitisha bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Shule itakayokuwa tayari kumpokea binti yako kimya kimya ujue imeanza kwa kukiuka utaratibu, na wewe unamkabidhi mtoto usiku. Mtoto wa miaka tisa akifinywa saa nne usiku, kitanda cha mama kiko wapi cha kujilaza gizani akasema?

Sasa cha kufanya. Rudi shule hiyo, ila usiende saa nne. Nenda saa ya kutoka. Ujue la nne wanaingia zamu gani, maana shule nyingi za Dar zina zamu mbili kwa uhaba wa madarasa, na mtoto wa zamu ya mchana anarudi giza limeanza kuingia. Hilo peke yake lingenifanya mimi nikatae. Halafu mwulize mwalimu mkuu: mwalimu wa malezi na unasihi ni nani? Atakutajia jina, kila mwalimu mkuu analo la kutaja. Ukitoka ofisini, mshike mtoto yeyote wa la pili uwanjani, mwulize: mwenzako akikuonea unamwambia mwalimu gani? Akikutajia jina lile lile, mlete binti. Akikutazama tu, basi yule mwalimu yupo kwenye karatasi. Fanya hivyo hivyo na shule aliyopo sasa.

baba_watatu_Mbezi

Mwalimu nakuheshimu, ila na mimi niseme langu, maana naona mizani inaelemea upande mmoja.

Mwanangu wa pili alikuwa shule ya serikali. La tano alichapwa fimbo ya vidole kwa kuchelewa namba, kidole cha shahada kikavunjika. Nilijua saa kumi na mbili jioni niliporudi kazini. Hakuna aliyepiga simu. Kesho yake mwalimu aliomba radhi, nikamsamehe, lakini nilimhamisha mtoto mwezi ule ule. Shule binafsi aliyopo sasa darasa lina watoto 34. Aliteleza ngazi Mei, nikapigiwa simu hata damu haijakauka, nimefika nikakuta nesi kashamfunga bandeji. Mwalimu wake anajua kwamba anaogopa mbwa na kwamba bibi yake alifariki. Hilo huwezi kulipata kwa mtu mmoja mwenye watoto 140, hata awe malaika.

Wanaficha, kweli. Ndiyo maana malalamiko yangu yote naandika barua, napeleka nakala mbili, moja inagongwa muhuri inarudi kwangu. Barua yenye muhuri wanaiheshimu. Mama, ulikwenda kwa mdomo, ukarudi na chai. Rudi na karatasi. Kabla hujamhamisha, wape nafasi hiyo moja.

dereva_wa_njano

Dada, umetaja madereva, na mimi nimo. Naendesha Coaster ya shule mwaka wa nane huu.

Matroni kukaa mbele na mimi ni kosa. Basi la wanafunzi linaangaliwa kutoka nyuma. Mtu mzima akikaa siti ya mwisho anaona migongo yote, akikaa mbele haoni hata mmoja. Kwenye gari langu wadogo wanakaa mbele, la tano na la sita katikati, matroni nyuma kabisa, na mtoto haruhusiwi kubadili siti njiani. Nililipanga mwenyewe baada ya mtoto mmoja wa chekechea kusahaulika amelala chini ya siti. Nilikuwa nimeshafunga mlango. Nilirudi kuchukua chupa yangu ya maji ndiyo nikamwona. Tangu hapo sifungi gari mpaka nimetembea kwa miguu hadi siti ya mwisho, nainama naangalia chini, asubuhi na jioni.

Na kuna kujaza gari kupita kiasi. Siti ya watatu wanakaa watano, kwa sababu kila mtoto ni hela. Mei 6, 2017 pale Karatu gari la shule lilitumbukia korongoni, wanafunzi 32 wakafa na walimu wawili na dereva. Baada ya msiba ule ukaguzi ulikaza, na mabasi ya shule tulikaguliwa mpaka breki. Sasa hivi ukaguzi upo lakini mzazi naye afungue mlango aangalie ndani. Mimi wazazi wanaopanda gari langu kuhesabu siti hawazidi wanne, na nawapenda hao wanne.

Kama unahamia shule ya karibu kwa miguu umeshaondoa gari kwenye hesabu. Ila anavuka barabara gani? Mtoto wa daladala anakwenda na nauli yake ya mwanafunzi, konda anamzuia mlangoni apande mtu mzima wa nauli kamili, basi anachelewa, anaanza kupokea lifti za bodaboda. Matatizo mengi ya mabinti yanaanzia kwenye lifti.

mzazi_Thika

Habari mama, nakusalimu kutoka Kenya. Huku mjadala huu huwa tunaurudia kila baada ya mazishi.

Septemba 23, 2019 darasa la shule ya kibinafsi liliporomoka Dagoretti, Nairobi, watoto wanane wakafa. Miezi michache baadaye, Februari 3, 2020, katika shule ya msingi ya umma mjini Kakamega watoto 14 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi saa ya kwenda nyumbani. Na Septemba 2024 bweni la shule ya kibinafsi kule Endarasha, Nyeri, liliungua usiku, wavulana 21. Wa umma, wa kibinafsi, wote nimewataja. Mimi nikizuru shule siku hizi sianzi na matokeo ya mtihani. Natazama ngazi zina upana gani, milango inafunguka kuelekea nje au ndani, madirisha ya bweni yana vyuma au hayana. Nilitoka shule moja yenye bwawa la kuogelea kwa sababu mlango wa pili wa bweni ulikuwa umewekewa kufuli, na mlezi hakujua ufunguo uko kwa nani.

Viboko vilipigwa marufuku hapa tangu 2001. Bado vipo mahali, kwa siri, lakini mzazi akilalamika ana sheria mkononi. Naona kwenu ni vigumu zaidi, kwa hiyo ushauri wa mwalimu kuhusu kujulikana kwa sura nauunga mkono.

mama_wawili_Tabata

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mwalimu, shikamoo na asante. Nimefanya kama ulivyosema.

Shule ya binti nilimwuliza mtoto wa la pili pale getini. Alinijibu kwa Kiingereza kizuri kwamba anamwambia "tichaa". Tichaa yupi? Hakujua. Serikalini nilimwuliza kitoto kimoja chenye soksi moja, hakikunijibu kabisa, kilinishika mkono kikanipeleka mpaka mlango wa darasa la pili B, kikanionyesha kidole. Jina alilonitajia mwalimu mkuu ndilo lilikuwa la mwalimu aliyekaa mle. Alikuwa anamshonea mtoto kifungo.

La nne wanaingia asubuhi, wanatoka saa nane. Barabara kubwa havuki, ni vichochoro vya mtaani na mfereji mmoja wenye daraja la mbao, nitamsindikiza muhula wa kwanza wote. Fimbo, nilimwuliza mwalimu mkuu kuhusu kitabu. Alikitoa kabatini. Mara ya mwisho kimeandikwa mwaka juzi, na mimi niliiona fimbo kwa macho yangu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa adabu. Alinyamaza kidogo, akasema ataitisha kikao cha walimu. Sijui kama amekiitisha, nitauliza tena. Komeo la choo tumechanga mimi na mama wawili wa jirani, tumenunua matatu, fundi kayafunga Jumamosi.

Baba watatu, barua niliandika. Nakala mbili. Mara ya kwanza walisema mhuri umefungiwa kabatini na mhasibu kasafiri. Nikakaa kwenye benchi. Saa saba mhuri ukapatikana. Nimeandika tarehe, jina la basi, siti, alama tano za mkononi, na kwamba matroni alikuwa mbele. Wamejibu kwa maandishi kuwa matroni sasa atakaa nyuma. Dereva, hilo ni lako, Mungu akubariki.

Binti Januari anahamia shule ya mtaani. Nilimwambia kuna watoto wengi, kuna vumbi, Kiingereza kitapungua na nitamtafutia tuisheni. Akauliza kama wanaenda kwa basi. Nikamwambia kwa miguu. Jumapili ile tumbo halikuuma.

Wale wavulana wawili bado wanapanda basi lile. Siti aliyokuwa anakaa binti yangu zamani sasa anakaa mtoto wa la pili, mama yake tunakutana kwenye kikoba. Jana nilimpelekea nakala ya barua, nikamwomba usiku azime taa, ajilaze naye.